Lile gari halikuibiwa

Niko Berea, hapa Bondeni. Najua nimekuwa kimya miezi kadhaa humu kibarazani na wengine mmeshaanza kuulizana kama bado nipo. Nipo, mzima wa afya, isipokuwa baridi inatunyoosha. Jozi iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na chumba changu kinatazama kusini ambako jua la Julai halifiki kabisa. Naandika nikiwa na blanketi mabegani.

Leo sina habari za mpira wala picha. Kuna jambo nimelibeba tangu 2007, na juzi simu ya mdogo wangu wa Korogwe imenilazimisha kulitua. Mama, mjomba, shangazi, naomba msome mpaka mwisho kabla hamjakasirika.

Mdogo wangu kapata Noah ya kununua. Anataka kuipakia abiria kati ya Mombo na Lushoto. Hela ni ya mahindi, mkopo wa kikundi na kidogo nilichotuma mimi. Kanitumia picha kumi na nne kwenye simu: rimu, viti, redio, taa za mbele zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Nikamuuliza, taimingi belti imebadilishwa lini? Akacheka. Akasema, "Kaka, wewe na Ulaya yenu, gari linawaka vizuri, la nini kuuliza mikanda?" Hapa si Ulaya, lakini tuyaache hayo. Lile cheko ndilo lililoniuma, kwa sababu ni cheko langu mwenyewe la 2007.

Mnakumbuka mwaka ule niliwaambia gari langu limeporwa. Niliwapigia nikasema nimesimamishwa kwenye taa za barabarani usiku, jamaa wawili, bastola, wakaondoka nalo. Mama ukalia kwenye simu, ukasema afadhali roho. Mjomba ukachangisha, zikaja shilingi laki tatu mkononi mwa msafiri, na mimi nikazipokea. Hadithi ile ilikubalika kirahisi kwa kuwa kila mtu nyumbani amesikia habari za mji huu, Hillbrow, Berea, Yeoville. Sifa mbaya ya mji ilinisaidia kudanganya.

Gari halikuibiwa. Liliuliwa na mkanda wa mpira, na aliyeuacha ukatike ni mimi.

Nilivyolinunua ni hivi. Jamaa wa ghorofa la jirani, mtaa wetu huu huu, alikuwa anahamia Cape Town na anauza gari dogo la milango mitano, randi 24,000. Sitaji aina yake, maana mtaanza kuisema vibaya na kosa halikuwa la aliyelitengeneza. Nilikuwa nimezunguka Jumamosi nne kule Jules Street, mtaa mrefu uliojaa wauza magari yaliyotumika, bendera za plastiki zinapepea kila kona, na nilichoka. Hapa Afrika Kusini hakuna utaratibu wetu wa kuagiza gari la mtumba kutoka Japani. Magari yaliyotumika kutoka nje hayaruhusiwi kusajiliwa, isipokuwa kwa vibali maalumu. Mengi yanayoshuka bandari ya Durban yanapita tu kwenda nchi za jirani. Kwa hiyo unanunua lililozaliwa au kuuzwa hapa hapa, na cha kwanza kuuliza ni kitabu cha sevisi.

Kitabu kilikuwapo, mihuri mpaka kilometa 75,000, halafu kimya. Mita ilisoma 118,000. Yule jamaa alikuwa mkweli. Aliniambia wazi, "Kambelti haijabadilishwa," ndivyo wanavyoiita hapa, "ilitakiwa zamani, nakupunguzia randi 1,500 ukaiweke mpya." Nikapokea punguzo. Tukaandikiana karatasi yenye lile neno la Kiafrikana la hapa, voetstoots, yaani chukua kilivyo na kasoro zake. Gari likapita ukaguzi wa barabarani, nikapata kadi kwa jina langu. Ule ukaguzi, wapendwa, unatazama breki, taa, usukani, matairi, kutu. Hakuna anayefungua kava la injini kuangalia mpira una miaka mingapi. Cheti nilichokuwa nacho kilikuwa cha kweli, ila mkanda haukuwamo.

Zile randi 1,500 nilinunua rimu na redio. Mnayo picha yake, ile nimeegemea mlango na nyuma yangu linaonekana lile duara la Ponte, ghorofa 54. Mama uliitundika ukutani. Kila nikija nyumbani naiona.

Sasa huu mkanda ni nini. Mama, unakumbuka wewe na shangazi mkitwanga pamoja kwenye kinu kimoja? Mchi mmoja ukishuka mwingine unapanda, mnapokezana, na mnapiga soga bila hata kutazama. Ndani ya injini iko hivyo. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, na juu yake kuna valvu zinazochungulia ndani ya silinda hiyo hiyo kuingiza hewa na kutoa moshi. Kwenye injini nyingi wawili hawa wanatumia nafasi moja kwa zamu. Anayetunza zamu ni mkanda wenye meno, wa mpira uliofumwa na nyuzi imara ndani, unaounganisha krenki ya chini na kamshafti ya juu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, haipungui wala haizidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Ukikatika, kamshafti inasimama, valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi, na pistoni inakuja juu na nguvu zake zote. Michi miwili imeshuka kinuni pamoja.

Tena haukuambii. Breki zikiisha zinapiga kelele, betri ikichoka gari linasuasua asubuhi. Mkanda uliozeeka unazunguka kimya vilevile kama mpya, mpaka dakika ya mwisho.

Kwangu dakika hiyo ilikuwa Ijumaa usiku, barabara ya N3, tunakwenda Durban kwenye harusi ya Mtanzania mwenzetu. Tulikuwa wanne. Tumeipita Heidelberg, hatujafika geti la kulipia la De Hoek, niko kwenye mwendo wa 120. Nikasikia kitu kama fimbo kavu imevunjwa, basi. Taa zote za dashibodi zikawaka. Usukani ukawa mzito kama nasukuma ukuta. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu kanyagio lilikuwa jiwe. Sikujua wakati ule kwamba msaada wa breki unatokana na injini yenyewe, na injini ikizima unabakiwa na mikanyago miwili mitatu tu. Nyuma yangu lori linapiga honi. Namshukuru Mungu pale palikuwa tambarare na pembeni kuna nafasi, tukajiburuza mpaka likasimama lenyewe.

Halafu nikafanya kosa la pili, nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa wepesi wa ajabu, sauti laini isiyo na mkoromo, kama cherehani. Mkiisikia sauti hiyo baada ya gari kuzima ghafla, acheni funguo, msirudie. Mimi nilirudia labda mara kumi, na kila mara pistoni zilikuwa zinazigonga tena valvu zilezile.

Brekdauni ya kuturudisha mpaka Berea ilikuwa randi 1,900, zaidi ya lile punguzo.

Fundi wangu ni mzee wa Kikongomani, mtu wa Bukavu, hana gereji, anafanya kazi kando ya barabara kama wengi hapa kwetu. Ukipita Abel Road asubuhi utaona miguu imetokeza chini ya magari na lami imeshakuwa nyeusi kwa oili. Akafungua kava, akatoa mkanda uliobaki, akaukunja vidoleni. Ukapasuka kama ganda la muhogo mkavu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii mukanda iliisha kitambo. Ulikuwa unatembea na maiti." Valvu za upande wa kuingiza hewa zilikuwa zimepinda zote. Silinda hedi ikapelekwa kuchongwa, zikaagizwa valvu, gasketi, mkanda, puli ya kukazia na pampu ya maji. Jumla randi 7,800. Mkanda na kazi yake, kama ningeufanya wakati ule nilipopewa punguzo, alikuwa ameniambia randi 1,600.

Zile laki tatu zenu ziliingia humo. Nikalitengeneza, nikaliuza kwa hasara, na kwenu nikasema limeporwa.

Kuna kitu kingine kinachonisuta. Gari lilikaa wiki tatu limeegeshwa mtaani hapa Berea, boneti wazi, hedi imetolewa, limefunikwa turubai. Vijana wa mtaa, wengine hata majina sikuwajua, walinisaidia kulisukuma lipishe magari ya taka. Mlinzi wa jengo, Mzimbabwe, alikuwa analizungukia usiku. Haikupotea hata bolti moja. Na wiki hizo hizo mimi niko kwenye simu nawasimulia jinsi watu wa hapa walivyoniibia. Niliwapakazia majirani zangu ili kuficha ujinga wangu.

Haya, turudi kwenye Noah.

Mdogo wangu alipoona nimenyamaza kwenye simu akanitumia picha ya kumi na tano, ili kunikomesha. Kibandiko chini ya boneti, maandishi ya Kijapani, na tarakimu: 18, kisha 6, na kilometa 96,400. Muuzaji kamwambia, "Hii hapa, taimingi belti imebadilishwa 2018, mwezi wa sita." Na kweli kibandiko ni cha taimingi belti, gereji za Japani zina desturi ya kukibandika wakishabadilisha, nami nimemwonyesha mtu anayesoma Kijapani akathibitisha. Ila 18 ile si 2018. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989 na kuisha Aprili 2019, na mwaka wake ukiujumlisha na 1988 unapata mwaka wetu. Heisei 18 ni 2006.

Hata bila hesabu hiyo, mdogo wangu, fikiria. Kadi inasema gari limesajiliwa Tanzania 2010. Mwaka 2018 lilikuwa Tanga linapakia watu. Huyo Mjapani wa kuja kubandika karatasi Tanga alitokea wapi? Simsemi muuzaji kuwa mwongo, huenda naye aliambiwa hivyo. Mkanda ule, kama ndio uliomo, umeanza kazi mwaka mmoja kabla ya mimi kununua gari langu la balaa.

Na mpira hauhesabu kilometa peke yake. Mtengenezaji anapoandika badilisha kila kilometa 100,000, ndivyo zilivyo Toyota nyingi za belti, anafikiria gari linalotembea kila siku na kufika hapo ndani ya miaka michache. Baadhi ya magari ya Ulaya yanatakiwa mapema zaidi. Joto linaukausha, vumbi linausaga, na oili ikivuja kutoka sili za kamshafti au krenki ikaulowanisha ndiyo inaumaliza kabisa. Gari la bibi kizee lililotembea kidogo, ambalo kila muuzaji analisifia, linaweza kuwa na mkanda mbovu kuliko la dereva wa teksi. Kwetu watu wanauliza kwanza namba, ni B, C au D? Namba inakwambia gari liliingia nchini lini. Mpira ulitoka kiwandani lini, namba haijui. Na mita, sote tunajua mita zinarudishwa nyuma.

Sasa wajuzi wa pale kijiweni Korogwe watamwambia, na najua watamwambia, kwamba Noah ile ya zamani ya SR40 ni injini ya 3S ya petroli, na 3S mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, unaweka mwingine unaondoka. Ni kweli. Kuna injini zilizoachiwa nafasi ya kutosha, na hiyo ni mojawapo. Za dizeli hazina bahati hiyo, nafasi yao ni finyu mno. Kama hofu yangu ingekuwa hela tu ningenyamaza hapo.

Lakini mimi nimeshakaa nyuma ya usukani uliogeuka ukuta. Ilikuwa tambarare, barabara pana, abiria watatu. Barabara yako wewe ni ile ya kutoka Lushoto kushuka Soni hadi Mombo, zaidi ya kilometa 30 za kona juu ya kona, mwamba huku, korongo huku. Utakuwa na watu wanane, tisa, na magunia ya kabichi juu. Injini ikizima kwenye mteremko ule, valvu zitasalimika, sawa. Breki mikanyago miwili mitatu, usukani mzito, na kona inayofuata haingoji. Hiyo 3S haikusaidii kitu pale.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Kabla hujalipa, mwambie fundi wako, si wa muuzaji, afungue kava la juu la mkanda. Ni bolti chache. Amulike kwa tochi, atazame nyufa, meno yaliyolika, pembe zilizochanika, unyevu wa oili. Akiona ubaya, umejua. Akiona uko mzuri, bado hujajua, maana wangu nao kwa macho ulionekana mzima. Kinachokubalika ni risiti yenye tarehe na kilometa, au fundi aliyeufunga ajitokeze. Kama hakuna, hesabu kwamba haujabadilishwa, bei ishuke kiasi hicho, na gari lisipakie mtu hata mmoja kabla ya kazi hiyo. Na ukishafungua usibadilishe mkanda peke yake. Weka puli ya kukazia, ile nyingine ya kuongozea, sili, na pampu ya maji, kwa sababu kwenye injini hiyo pampu inazungushwa na mkanda huohuo, na beringi yake ikikwama inaukata hata kama ni wa jana.

Utasema basi nitafute la cheni. Noah za AZR60, zilizotoka kuanzia 2001, ni za cheni, na IST, na Corolla za NZE. Cheni inadumu sana lakini inataka oili safi kwa wakati, na ikianza kulegea utaisikia inagonga asubuhi injini ikiwa baridi. Angalau yenyewe inasema. Siku hizi kuna hata injini mpya zenye mkanda unaooga ndani ya oili, ukiweka oili isiyo yake unamomonyoka na vipande vinaziba njia ya oili. Hizo nimeziona hapa kwa fundi wangu, hanyamazi akianza kuzisema. Wewe hazikuhusu kwa sasa.

Hapa kuna sheria ya mlaji ya 2008, iliyoanza kazi 2011, inayompa mnunuzi miezi sita ya kumrudia mfanyabiashara aliyemuuzia kitu kibovu. Haimgusi mtu binafsi anayeuza gari lake moja. Hata ingekuwapo 2007 isingenisaidia, yule jamaa aliniambia ukweli na hela ya mkanda akanirudishia mkononi.

Gharama ya hiyo kazi ya Noah nalipa mimi yote. Uliza bei ya spea Tanga mjini, unitumie, na mkanda wa zamani usiutupe, nataka kuuona. Mjomba, laki tatu zako nazituma mwisho wa mwezi. Najua thamani yake si ile tena, nitaongeza. Nimemtafuta pia yule msafiri aliyezileta, tumeongea.

Mama, ile picha ya ukutani unaweza kuishusha au kuiacha, utakavyoona. Nitapiga Jumapili jioni. Mdogo wangu, msomee haya kabla sijapiga, usiruke popote, hata pale aliponililia.